Mke Wangu, Mali ya Makumbusho

Nchi yenyewe siitaji jina. Si woga. Ni kwamba jina lake limeshushwa wiki hii kwenye mabango yote kwenda kupakwa rangi mpya, na tumeambiwa asilitamke mtu mpaka likauke. Wewe unayesoma huijui nchi hiyo. Iko mbali. Watu wake ni watiifu, viongozi wake hawapati usingizi kwa kutuwaza, na kama unapoishi wewe panafanana na huko, basi hayo ni ya kwako, mimi sikuwepo.

Mimi ni fundi bati. Natengeneza vibatari, makarai na mifereji ya kukingia maji ya mvua. Nilifika darasa la nne, na hilo la nne sikulimaliza. Kwa hiyo nikikosea jambo la serikali mnisamehe. Wenye akili ndio waliolipanga, mimi limenipata tu.

Katika mji wetu mkuu kuna jengo la zamani linaloitwa Boma. Wakoloni wa kwanza walilijenga liwe gereza. Wakoloni wa pili wakalifanya forodha. Tulipojitawala tukalifanya hospitali, na kwa miaka sitini tumezaliwa humo na kufia humo bila ugomvi. Kuta zake zina unene wa urefu wa mkono wa mtu alioukunjua, na mbele lina nguzo nane nyeupe, ndefu, hazina kazi yoyote ila kusimama.

Nguzo hizo ndizo zilizoniulia mke.

*

Mke wangu aliitwa Sikudhani. Alikuwa anaanika makopa ya muhogo juu ya paa la jiko, ngazi ikateleza, akaanguka. Mguu wa kushoto ukavunjika mara mbili, pajani na juu ya kifundo. Nikampeleka Boma kwa mkokoteni. Daktari wa zamu, kijana mwenye adabu, akamfunga hogo la plasta kuanzia gotini kushuka, kisha akasema paja linataka kuvutwa kwa kamba na uzito ili mfupa urudi mahali pake. Lakini uzito hospitali haina.

"Mzee," akaniambia, "si nimesikia wewe ni fundi bati?"

Nikamtengenezea debe. Tukalijaza mchanga, tukalifunga kamba, kamba ikapita kwenye gurudumu la kisima lililopigiliwa darini, na upande wa pili ukafungwa mguu wa Sikudhani. Akalala vile, mguu juu, debe linaning'inia.

"Wiki sita," daktari akasema. "Mfupa utashika, atakimbia."

"Akikimbia atakwenda wapi na mimi nipo?" nikamjibu, tukacheka sote watatu. Hiyo ilikuwa wiki ya kwanza.

Wiki ya pili ikaja barua kutoka ng'ambo. Ilisema Kongamano la Mataifa Yaliyostaarabika litazuru nchi yetu kuangalia makumbusho yetu ya taifa ya sanaa. Taifa lisilo na makumbusho, barua ikasema, halitafukuzwa, hapana, ila litakaa kwenye benchi la nyuma karibu na mlango wa choo.

Baraza la Mawaziri likaitisha mafaili. Ikaonekana kwamba kwa miaka kumi na moja mfululizo makumbusho hayo yalikuwa yakiripotiwa vizuri sana. Yalikuwa na mkurugenzi, mkurugenzi alikuwa na naibu, na naibu alikuwa na gari. Kilichokuwa kimesahaulika ni makumbusho yenyewe.

Zilibaki siku tisa. Waziri wa Utamaduni na Mambo Yaliyobaki aliwahi kuona picha ya makumbusho ya nchi za watu, akakumbuka kwamba yana nguzo. Akauliza, katika nchi hii nguzo ziko wapi?

*

Waziri alikuja mwenyewe. Tulikusanywa uani, wagonjwa, jamaa za wagonjwa, na maiti mmoja aliyekuwa anasubiri gari.

"Ndugu wananchi!" akasema. "Afya ni ya mtu mmoja mmoja, lakini sanaa ni ya taifa zima! Mgonjwa akipona anakwenda kwake, na sisi tuliomtibu hatumwoni tena. Je, hiyo ni shukrani? Lakini picha, ndugu zangu, picha ikitundikwa ukutani inakwenda wapi? Haiendi! Kati ya hao wawili, ni nani mzalendo?"

"Picha!" tukajibu.

Nilipiga makofi na mimi. Nilikuwa nimeshika bakuli la uji wa mke wangu. Nikaliweka chini kwenye vumbi ili nipige makofi vizuri, maana kulikuwa na watu wanaandika nani anapiga kwa mkono mmoja.

Jioni ile ukabandikwa Waraka Namba Tatu. Waraka huo uliwaponya wagonjwa mia moja na sitini kwa mpigo, jambo ambalo dawa zilikuwa zimeshindwa mwaka mzima. Wanaoweza kutembea wakaambiwa wamepona, watembee. Wasioweza kutembea wakaambiwa wasubiri gari la kuwahamishia hospitali ya wilaya ya mbali. Gari lenyewe lilikuwa limekwenda kuchukua mazulia. Daktari wetu mwenye adabu akahamishiwa Idara ya Uvuvi.

Akabaki Sista Mkunde, muuguzi wa wadi ya wanawake. Huyo walimpa suti ya kijani na cheo cha Mfasiri wa Sanaa, kwa sababu alikuwa anajua kila chumba kilipo.

*

Sasa nieleze alivyofanya Bwana Stoo, mtunza vifaa wa Boma, maana hapo ndipo pana mzizi wa jambo.

Serikali yetu haiogopi kitu kama inavyoogopa kitu kisichokuwa na namba. Kiti, meza, ndoo, kabati, hata mlango, vyote ni lazima vipakwe namba kwa rangi nyeupe. Kikipakwa ni cha serikali, na hakitoki tena bila fomu. Bwana Stoo alipewa amri kwamba kila kilichomo Boma ifikapo saa sita mchana siku ya Jumanne kiandikwe kuwa mali ya Makumbusho ya Taifa ya Sanaa. Akaanza asubuhi na kopo lake na brashi yake ndogo, mtu mpole, anapiga mluzi. Saa tano na nusu akafika kitanda cha mke wangu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba," Sikudhani akaitika.

Akazunguka kitanda. Akatazama kamba, gurudumu, debe, mguu. Akatoa kijitabu mfukoni na kunisomea kwa kidole: "Vitu vilivyounganishwa vihesabiwe kama kitu kimoja." Akakifunga. "Kitanda kimefungwa kwenye kamba, kamba kwenye mguu, mguu kwenye mama. Mama, nipe unyayo kidogo."

Akapaka kwenye plasta, kwa mwandiko mzuri, namba mia nne na kumi na saba.

"Bwana Stoo," nikasema, "huyu ni mke wangu."

"Mzee, nimesema si mkeo? Mkeo huyo. Ila ni mia nne na kumi na saba."

"Sasa nitamchukuaje gari likija?"

"Utakuja ofisini tutamtoa kwenye daftari. Dakika tano tu. Mama, usiguseguse, rangi mbichi."

Na Sikudhani, Mungu amrehemu, akamwambia, "Haya baba. Na huyu mzee naye si umpake? Kaungana na mimi miaka thelathini na miwili."

Bwana Stoo akacheka hadi brashi ikamdondoka. Mimi pia nilicheka. Laiti ningempokonya kopo lile nikajipaka mwenyewe.

*

Kongamano likaja. Ukumbini walitundika picha thelathini na nane za Mheshimiwa Mlezi wa Taifa, zote zimechorwa na mchoraji mmoja kutoka kwenye picha moja ya kitambulisho, isipokuwa katika nyingine ameshika jembe, katika nyingine kalamu, na katika moja ameshika samaki. Wageni wakapita wakipiga miayo kwa heshima. Kwa vile mazulia yalikuwa yamefika lakini gari lilikuwa limeharibika, mke wangu alikuwa bado yuko mle ndani, na mkurugenzi akaona afadhali asogezwe ukumbini kuliko kuacha pengo.

Mgeni mmoja mrefu, mwenye miwani ya kamba, akasimama mbele yake. Akasimama dakika kumi na moja. Akatazama mguu uliotundikwa, debe la mchanga, uso wa mwanamke anayeangalia dari. Akatoa leso. Akauliza, jina la kazi hii?

Mkurugenzi, Dokta Shebughe, hakuwa amejiandaa. Jasho likamtoka. "Taifa Linasubiri," akasema.

Mgeni akalia waziwazi. Akasema katika jengo lote hiki ndicho kitu pekee cha kweli. Kongamano likaipa kazi namba mia nne na kumi na saba tuzo ya kwanza. Mheshimiwa akalivisha nishani debe langu. Nchi yetu ikapewa kiti cha mbele. Tukapewa siku moja ya mapumziko ili tufurahi.

Nilikwenda kwa Bwana Stoo ile kesho yake. Akanitazama kama mtu aliyefiwa.

"Mzee wangu," akasema, "juzi ningemfuta. Leo ana tuzo. Mimi ni mtu wa ndoo na makabati, nishani siziwezi."

*

Kuanzia siku hiyo nikawa mtembeleaji. Ilibidi nipange foleni, nikatiwe tiketi, nipekuliwe, niingie na kundi. Mbele ya kitanda kulikuwa na kamba nyekundu na kibao: USIGUSE. Kila kundi dakika kumi. Chakula hakiruhusiwi, kwa hiyo uji wangu ulibaki mlangoni kwa Sajini Kibwana, mkuu wa walinzi, ambaye alikuwa akiuonja kwa usalama wa taifa.

Sista Mkunde ndiye aliyekuwa akimlisha, mlango ukifungwa, na kumpa vidonge alivyokuwa ameficha kwenye mfuko wa suti. Vidonge vilikwisha mwezi wa kwanza.

Nilikuwa nasimama nyuma ya kamba, nazungumza na mke wangu bila kutikisa midomo, kwa sababu ilikuwa marufuku kuisumbua kazi.

"Umelala salama?"

"Salama. Baba Tabu, usinitazame kwa macho hayo, watadhani unaelewa sanaa."

"Mguu?"

"Mguu upo. Leo walikuja wanafunzi wa sekondari. Mwalimu kawauliza, debe lile linawakilisha nini? Mmoja kasema ni dhamira nzito ya viongozi wetu. Kapigiwa makofi. Mwingine kasema ni debe la mchanga."

"Ikawaje?"

"Kafukuzwa shule."

Akacheka, kisha akakunja uso. Ndipo harufu iliponifikia. Mimi najua harufu ya vitu vinavyooza chini ya kitu kigumu. Nimefungua mabati mengi. Chini ya plasta, juu ya kifundo, alikuwa na kidonda, na hakuna aliyekifungua kwa wiki saba.

Nikakimbilia kwa mkurugenzi. Alikuwa na ofisi iliyokuwa chumba cha upasuaji, taa kubwa bado iko juu ya meza yake.

"Daktari, mguu wa mke wangu unaoza."

"Mimi ni dokta wa sanaa, mzee, si wa miguu. Keti. Unasema kazi inaharibika?"

"Mke wangu anaharibika! Naomba atibiwe."

"Kazi ya sanaa haitibiwi. Inakarabatiwa." Akanionyesha kalenda ukutani. "Kamati ya Ukarabati hukutana kila baada ya miezi mitatu. Imekutana juzi. Una bahati, nitaiita kwa dharura, baada ya wiki tano."

Nikapiga magoti. Mimi, mwanamume mwenye mvi, kwenye sakafu ile. Akaguswa. Akaita seremala siku ileile, kwa mamlaka aliyonayo, na seremala akapaka kitanda vanishi mara mbili, kikang'aa sana.

Nilirudi siku ya pili, na ya tatu. Sikudhani alikuwa anawaka homa, midomo imepasuka kama udongo. Kundi langu lilikuwa la watalii, wanapiga picha. Akanitafuta kwa macho kati yao mpaka akanipata.

"Baba Tabu."

"Naam."

"Watu wananitazama. Usiku na mchana nimekuwa natazamwa. Mwili wangu hata mama yangu hakuutazama hivi." Akapumua. "Nikifa, usiniache humu. Nisitiri. Sikuombi kitu kingine duniani."

"Hufi."

"Niahidi."

"Nakuahidi."

"Dakika kumi zimekwisha, wageni wetu," Sista Mkunde akasema, na sauti yake haikuwa sauti.

*

Alikufa Alhamisi, saa nne na robo asubuhi, mbele ya watu thelathini na wawili kutoka Chama cha Wakaguzi wa Mizani. Mimi nilikuwa wa mwisho kwenye kundi. Sista Mkunde alikuwa anasoma maelezo yake kama alivyofundishwa: "Na hapa, wageni wetu, tazameni utulivu wa umbo, jinsi msanii alivyo…" Akatazama kifua cha mke wangu. Kisha akasema polepole, "Wageni wetu, tusogee chumba cha pili."

Walipogeuka, akairuka kamba nyekundu. Hakuna aliyewahi kuiruka. Akayafumba macho ya Sikudhani kwa vidole viwili, akamfunga taya kwa mtandio wake mwenyewe wa kijani.

"Nenda kwa mkurugenzi, Baba Tabu," akaninong'oneza. "Nenda haraka. Leo hii."

Dokta Shebughe alinipa pole. Akatoa fomu. Fomu ya Kuondoa Kazi ilikuwa na visanduku vitatu: Imeazimwa Nje, Imevunjika, Imeibwa.

"Chagua," akasema.

"Amekufa."

"Hakuna kisanduku hicho."

"Basi weka imevunjika."

"Ikivunjika inakarabatiwa, haiondoki."

"Bwana mkubwa, mtu akifa anazikwa!"

"Mtu, ndiyo. Lakini kazi kubwa hazifi, mzee. Ndiyo maana zikaitwa kubwa." Akaweka mkono begani kwangu. Nadhani alikuwa anataka kunifariji kweli. "Usihuzunike. Nimekwisha kupiga simu Idara ya Wanyamapori. Wana fundi mmoja hodari, ndiye aliyemkausha yule simba wa uwanja wa ndege. Miaka ishirini, manyoya yake bado yanasimama! Anafika Jumamosi. Mkeo atabaki vilevile milele, mjukuu wa mjukuu wako atamwona."

Nikatoka. Nje nikashika mojawapo ya zile nguzo nane ili nisianguke. Ilikuwa baridi na haikutikisika. Nilimlaani Waziri, nikamlaani mkurugenzi, nikajilaani mimi na makofi yangu. Nguzo ikasimama tu. Kisha nikaenda msikitini kwetu kwa Maalim Sururu.

Akanisikiliza mpaka mwisho. Hakusema maneno ya hekima. Alisema, "Jumamosi ni keshokutwa. Basi ni kesho, baada ya sala ya Ijumaa. Una mkasi wa kukatia bati?"

*

Ijumaa asubuhi wanawake kumi na wawili wa mtaani kwetu walikata tiketi kama watu wengine, wakaingia na ndoo za maji. Sajini Kibwana akauliza ndoo za nini. Binti yangu Tabu akamjibu, "Usafi wa kujitolea, afande. Hujasikia redio?" Hakuna mtu katika nchi yetu anayekubali kwamba hajasikia redio. Wakapita.

Sista Mkunde akafunga mlango wa ukumbi na kutundika kibao: UKARABATI UNAENDELEA. Mkurugenzi alipita, akakisoma, akatikisa kichwa kwa kuridhika.

Ndani waliikata kamba. Plasta waliikata kwa mkasi wangu. Tabu aliniambia baadaye alichokiona chini yake, nami nikamwomba asiniambie tena. Wakamwosha Sikudhani, wakamkafini. Ile plasta yenye namba wakaiacha juu ya kitanda. Mia nne na kumi na saba ni ya serikali, tusije tukaitwa wezi.

Baada ya sala tukaja wanaume na jeneza la msikiti, tupu.

"Simama! Hiyo nini?" Sajini akauliza.

Maalim Sururu akasema, "Mchango wa wananchi, afande. Kazi ya mbao. Tazama nakshi hii ya pembeni, ya babu zetu."

Sajini akatazama nakshi. Akafungua daftari la vitu vinavyoingia. Vitu vinavyoingia havina fomu wala kizuizi, maana nani amewahi kuizuia serikali kupokea? Akaandika: kitanda cha mbao, cha asili, kimoja. Tukaingia.

Sasa kutoka. Kwenye kutoka kulikuwa na walinzi wanne wenye bunduki, kizuizi cha chuma, na amri kwamba hata ufagio ukitoka ukaguliwe. Hatukuwa na hila nyingine. Tulikuwa na ile moja tu, na si hila, ni desturi. Kwetu mtoto wa kiume hufundishwa kabla hajajua kuhesabu: ukisikia jeneza linapita, unaacha ulichoshika, unainuka, unatia bega. Humuulizi mtu ni nani. Hatua saba zinatosha, lakini unatia bega.

Tukamwinua. Maalim akaanza, nasi tukaitikia, "La ilaha illallah, La ilaha illallah," na ukumbi ule wenye kuta nene ukajaa sauti mpaka zile picha thelathini na nane zikatetemeka kwenye misumari.

Nilikuwa mbele, kulia. Nilimwona Sajini Kibwana akigeuka. Niliona mkono wake ukienda kwenye bunduki. Nikasema moyoni, yamekwisha. Mkono ukaipita bunduki, ukapanda kichwani, ukavua kofia. Bunduki akaiegemeza ukutani. Akaja mbio na wenzake watatu, akaniambia, "Nipishe, mzee wangu, wewe umechoka," na akaingiza bega lake chini ya mke wangu.

Yeye mwenyewe alipiga kelele kizuizi kiinuliwe. Walinzi wanne wa Makumbusho ya Taifa waliitoa kazi bora ya taifa nje, wakaishusha ngazi katikati ya zile nguzo, polepole, wasije wakaitikisa. Dokta Shebughe alikuwa barazani anaongea na simu. Akaiweka mfukoni, akasimama wima, akainamisha kichwa mpaka tukapita. Dereva wake akafungua geti.

Barabarani Sajini alimwachia mtu mwingine bega. Alikuwa anatokwa jasho. "Ni nani wako?" akaniuliza.

"Mke wangu."

"Pole sana, mzee. Alikuwa anaumwa nini?"

"Mguu."

"Haya, Mungu ndiye mjuzi." Akavaa kofia yake, akarudi mlangoni kumlinda mke wangu.

*

Tulimzika makaburi ya zamani ya mjini. Siku ile wanaume wa mtaa wetu walichimba makaburi kumi na manne, wakayafukia, wakayainulia matuta sawasawa, na makaburi ya zamani nayo wakayatia udongo mpya. Moja ndilo lenye mtu. Hatukuweka jiwe, wala mti, wala jina.

Saa moja jioni redio ikatangaza. Hazina ya taifa imeibwa, mipaka imefungwa, Mheshimiwa amelia. Kongamano likatuma rambirambi. Sajini Kibwana aliapa mbele ya tume kwamba hakuna kilichotoka siku ile isipokuwa maiti, na daftari likaonyesha hivyo hivyo, akapandishwa cheo kwa umakini.

Mimi walinichukua siku ya tatu ya matanga. Wakaniweka ndani siku arobaini. Sitaeleza waliyonifanyia, waliyafanya kwa utaratibu, na kila mara walinisainisha. Swali lilikuwa moja: lipi kati ya hayo yote? Kufukua hovyo hawakuthubutu, kwa kuwa mama yake Waziri naye amelala humo, na Waziri hakumbuki ni wapi.

Sikusema.

Ndipo akaja Inspekta mmoja kijana, msomi, sauti ya chini. "Mwachieni," akawaambia. "Mfiwa lazima azuru. Atakaposimama, hapo ndipo."

Tangu hapo kila Ijumaa gari la serikali linakuja nyumbani kunichukua. Wananifungulia mlango. Wananipeleka makaburini na kuniambia kwa upole, "Karibu, mzee, zuru." Kisha wanafuata nyuma, wawili, mmoja ana daftari, mwingine ana fimbo yenye kibendera ya kuchomeka ardhini.

Nami natembea. Naanzia mlangoni, napita kila mstari mpaka ukuta wa mwisho, na kurudi. Pamejaa upupu na vigae. Namsomea Fatiha kila aliyemo humo, nimjuaye na nisiyemjua, mama yake Waziri pia, kwa sauti ileile na kwa mwendo uleule. Kandambili yangu ikikatika, naiacha, naendelea peku. Nikisikia kizunguzungu, naendelea. Mara moja nilianguka. Wakakimbia na kibendera, na mimi nikainuka kabla hawajafika, maana hapakuwa pake, wangemfukua mwingine.

Tabu alinilaumu mwanzoni. "Baba, husimami hata nukta moja? Hata kumwekea mama mkono juu ya udongo?" Sasa hivi anapika, anasubiri nirudi.

Yule mwenye daftari nimeona anachoandika. Kila wiki ni neno moja: Hakusimama.

Jana ilikuwa Ijumaa ya kumi na tisa. Mara kumi na tisa nimepita kwa mke wangu, karibu kiasi cha kuweza kumgusa, na sijasimama hata mara moja.